Karatasi ya Kunywewa

Vumbi jeupe lilikuwa likimwasha Batulo vidole tangu siku alipolifungua lile sanduku, naye akasingizia sabuni ya kufulia. Glavu zilikuwa zimekwisha. Aliomba nyingine akaambiwa ombi limepelekwa juu, na mfanyakazi yeyote wa kandarasi anajua kwamba ombi likishapelekwa juu huwa halikumbuki njia ya kushuka. Basi akaendelea kwa mikono mitupu. Alinyanyua karatasi moja moja, akaipangusa kwa brashi laini, akailaza chini ya kamera, akaipiga picha, akaandika maelezo yake kwenye kompyuta, akairudisha mahali pake.

Maktaba ile ya utafiti iko upande wa Ngara, ghorofani, mahali ambapo watu husoma kwa kunong'ona kama wamefiwa. Sanduku lenyewe lilikuwa la mkaguzi wa afya wa enzi za mkoloni, bwana aliyepita nyumba kwa nyumba kule Majengo ya Pumwani akitafuta panya wa tauni, na kila kilichompendeza macho akakibeba. Wajukuu wake huko ng'ambo walipochoka kuliwekea nafasi sanduku hilo, wakalirudisha Nairobi na kushukuriwa sana. Ndani mlikuwa na lebo za viberiti, vikaratasi vya matangazo ya sinema, kalenda za maduka ya Wahindi, karatasi za kufungia sabuni, na picha za akina mama wa ngoma ya lelemama wamesimama mbele ya nyumba za udongo wamevaa leso za sare. Batulo alizipenda picha hizo. Alizaliwa Majengo, na kila sura aliyoiona aliifananisha na jirani fulani, mpaka siku nyingine akacheka peke yake na msomaji wa meza ya pili akamkata jicho.

Kilichomkosesha raha kilikuwa chini ya sanduku. Palikuwa na furushi la karatasi zilizoandikwa kwa mkono, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Siku ya mahojiano ya kazi aliulizwa kama anaweza kusoma maandishi ya namna hiyo, naye akasema ndiyo, bila kumeza mate. Kurani anaisoma tangu utotoni chuoni, hilo ni kweli. Lakini karatasi hizi hazikuwa na irabu, maneno yamebanana, na aliyekuwa akiandika alikuwa na haraka zake. Nyingine alizibahatisha. Moja ilimshinda kabisa, kwa sababu wino wake ulikuwa wa manjano iliyopauka hata kamera haikuushika.

Kandarasi yake ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi. Lydiah, mkuu wa kitengo, alikuwa ameshasema kwamba anataka maelezo ya kila karatasi, na kwamba mtu anayeacha mapengo anamwambia yeye kwamba hafai kuongezewa muda. Alisema hayo huku akitabasamu, lakini kila mtu alimsikia. Nyumbani kwa Batulo mshahara ulikuwa huo mmoja. Ayanle, mumewe, anauza mbuzi Kiamaiko, na tangu serikali ifunge njia za mifugo kutoka kaskazini kwa sababu ya ugonjwa, alikuwa anakwenda sokoni kunywa chai tu na wenzake.

Mtu mmoja ambaye angeweza kuisoma karatasi ile ni mama yake, Bi Mastura, aliyefundishwa na baba yake hata kabla hajaota meno ya ukubwani. Batulo alimpelekea nakala iliyochapishwa. Bi Mastura aliigeuza juu chini, akairudisha, akasema haoni kitu ila ukungu. Ndipo ile Alhamisi jioni Batulo akafanya jambo ambalo hakuna mfanyakazi wa maktaba anayelifanya akabaki na kazi. Aliitia karatasi yenyewe ndani ya kijitabu cha matangazo ya supamaketi, akakibana kwapani chini ya buibui.

Musyoka, askari wa langoni, humfungulia mkoba kila jioni. Maprofesa hawafungulii mikoba, wao huwafungulia mlango. Alichakura, akatoa kisanduku cha chakula, akakifunua, akakinusa.

"Leo umemaliza pilau yote, mama. Hata mimi siachiwi?"

Batulo akamwahidi ya kesho. Akavuka barabara akijiambia kwamba ni usiku mmoja tu, na kwamba asubuhi karatasi itakuwa imerudi kitandani kwake.

*

Filsan, binti yao wa miaka sita, alikuwa na homa tangu jana yake. Alilala kwenye mkeka karibu na miguu ya nyanya yake, mashavu yamemwiva. Bi Mastura alivaa miwani, akaisogeza karatasi kwenye taa. Kisha akaanza kuisoma kwa sauti ya chini, akasimama, akaishusha mapajani, akaipapasa kwa kiganja.

"Umeipata wapi hii?"

Batulo akamweleza.

"Basi hao wasomi wako wameikalia bure. Hii si ya kusomwa. Hii ni ya kunywewa."

Akamwonyesha. Wino ule ulikuwa zafarani iliyochanganywa na marashi ya waridi. Mwalimu fulani wa zamani alimwandikia mgonjwa kombe, akaweka aya za kuponya, na chini kabisa jina la mgonjwa na la mama yake. Karatasi ya namna hiyo huoshwa kwa maji, maandishi yakayeyuka, na mgonjwa akayanywa yale maji. Hii haikuoshwa. Mgonjwa aliyeandikiwa aliingiliwa nyumbani na mkaguzi wa panya kabla hajanywa dawa yake, ndivyo alivyoona Bi Mastura, na jambo hilo lilimuudhi kana kwamba limetokea juzi.

Batulo alicheka, akamwomba amsomee maneno tu ili ayaandike, mengine ni mali ya watu. Wakafika katikati, stima ikapotea. Mtaa mzima ukaguna kwa pamoja. Bi Mastura akasema macho yake hayawezi mshumaa, watamalizia kukikucha.

Kulipokucha Filsan alikuwa anaweweseka. Batulo alimpa dawa ya homa kwenye kijiko, akamkanda kwa kitambaa cha maji, akatazama simu, akaona amechelewa. Karatasi ilikuwa juu ya kabati. Aliishika ili aende nayo, na mama yake akamwambia aiache, atakaa nayo mlangoni kwenye mwanga amalizie, na yeye aje mchana kuichukua, kwani Ngara na Majengo ni mbali wapi. Batulo akaona ni maneno ya busara. Aliiacha.

*

Saa tano Lydiah aliingia chumba cha kazi amevaa barakoa na glavu, na nyuma yake kijana wa usafi amebeba mifuko ya plastiki. Akasema kila mtu aache alichoshika.

"Lile vumbi jeupe la sanduku la mkaguzi, majibu yametoka maabara leo," akasema. "Ni aseniki. Ile sumu ya panya ya zamani. Mzee alikuwa anazinyunyizia karatasi zake zisiliwe na wadudu. Nawaomba mnawe mikono mpaka kwenye viwiko, na mtu yeyote ambaye tumbo limekuwa likimsumbua aniambie."

Watu wakaenda kwenye sinki wakisukumana kidogo, wakijifanya hawasukumani. Batulo alinawa, akanawa tena. Tumbo lake halikuwa na neno. Alichokiona mbele ya macho yake ni mama yake amekaa mlangoni, miwani puani, akilowesha kidole kwa ulimi kila anapotaka kushika karatasi vizuri, kama alivyozoea kufanya na kila kitu cha kusoma. Alijaribu kukumbuka kama jana usiku mtoto aliigusa. Hakukumbuka.

Lydiah alikuwa akizitia karatasi kwenye plastiki moja baada ya nyingine, akilinganisha na namba. Akafika mwisho, akarudi mwanzo.

"Inapungua moja," akasema, na macho yake yakatua kwa Batulo. "Ile iliyopauka. Uliifanyia kazi wewe."

Batulo akasema huenda imegandamana na nyingine, ataitafuta. Lydiah akasema asiguse kitu, wataitafuta wote, na mpaka ipatikane hakuna mkoba utakaotoka langoni. Akaongeza, bila kumtaja mtu, kwamba kitu cha historia kikitoka mle ndani si suala la ofisi tena, ni la polisi.

Batulo aliomba kwenda msalani. Badala ya kupinda kushoto akashuka ngazi. Alimwambia Musyoka kwamba mtoto amezidiwa, na ili aonekane ni mtu wa kurudi, akamwachia mkoba wake mezani. Akachukua simu tu. Alimpigia mama yake, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Akasimamisha bodaboda bila kuuliza bei.

*

Karatasi ilikuwa imeanikwa kwenye kamba ya nguo uani, imebanwa kwa vibanio viwili, jirani na gauni la Filsan. Ilikuwa nyeupe. Hapakuwa na herufi hata moja juu yake, na ncha yake ya chini ilikuwa bado inadondosha maji.

Batulo aliitazama akasikia masikio yake yanaziba. Akaingia ndani bila kuvua viatu. Filsan alikuwa amejikunja kwenye mkeka, jasho limemlowesha, na Bi Mastura anampepea kwa kawa.

"Homa imeshuka," Bi Mastura akasema. "Mguse mwenyewe."

"Mama, ile karatasi umeifanya nini?"

"Nimeifanya kazi yake."

Mtoto alikuwa anaungua, akaeleza, ameanza kuwaita watu wasiokuwapo. Akaona Mungu hawezi kuileta dawa kutoka zamani zote hizo, mpaka ndani ya chumba hiki, siku hii, kwa bahati tu. Akapiga bismillahi, akaiosha kwenye bakuli la kauri. Mtoto alikunywa mafunda machache, akakunja uso, akakataa.

"Na lililobaki?"

"Sikulimwaga. Kombe halimwagwi, wewe hujui? Likanyagwe na watu?"

Batulo alilijua hilo tangu utotoni. Kombe likibaki hufunikwa, likanywewa jioni au mgonjwa akaogeshwa nalo. Na juu ya kabati aliliona bakuli la kauri limefunikwa kwa kisahani. Akasema lisiguswe na mtu.

"Lina nini?"

"Lina sumu, Mama. Zile karatasi zote zina sumu. Wametuambia leo."

Bi Mastura aliacha kupepea. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda taratibu, akishikilia mbao, akatazama mikono yake. Batulo alidhani anamhurumia mtoto. Kisha Filsan akatapika, akatapika tena, na alipomwinua, pumzi ya mtoto ikamjia puani ikinuka kitunguu saumu. Aliuliza kama amepewa kitunguu saumu. Hakupewa.

"Tumpeleke hospitali," Bi Mastura akasema, akajifunga leso. "Mengine baadaye."

*

Kwenye dirisha la kujiandikisha hospitali ya serikali palikuwa na mtu mbele yao, amemshika mkono mpwa wake aliyekunywa dawa ya kunguni. Karani alimwambia kwa sauti ya kusikiwa na foleni nzima kwamba kesi ya sumu lazima ipite dawati la polisi kwanza, pale getini, aandikishe nani alimpa na kwa nini. Yule mtu akaanza kuapa. Karani akasema yeye haapiwi hapo, aende getini.

Ikawa zamu ya Batulo. Karani aliuliza jina la mtoto, umri, anakoishi, na amekula au amekunywa nini.

Batulo alifungua mdomo. Aliona dawati la polisi. Aliona Lydiah na karatasi inayopungua, na Musyoka akisema ndiyo, alitoka mbio, mkoba wake huu hapa. Mama yake alikuwa kando yake, bega kwa bega.

"Maji machafu," akasema Batulo. "Amekunywa maji machafu."

Bi Mastura aligeuza uso akamtazama.

Waliingizwa wodi ya watoto, Bi Mastura akaambiwa abaki nje kwenye benchi, kitanda kimoja ni mtu mmoja. Daktari alikuwa mwanamke kijana, aitwaye Ayuma, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala vizuri. Alimpima mtoto, akamwekea dripu, akaandika dawa ya tumbo, akasema watoto wengi wa mitaa ile wanaletwa hivyo mabomba yakipasuka. Alipoinama kumsikiliza kifua akasita.

"Amekula kitunguu saumu?"

"Hapana, daktari."

Akanusa tena, akakunja kipaji. Muuguzi akamwita kitanda cha mbali, akaondoka.

Batulo alibaki na uwongo wake. Alihesabu kila kitu ambacho ukweli ungemchukulia: kazi, nyumba, pengine uhuru wake mwenyewe, na Filsan nani atamlea, Ayanle mwenye mbuzi wa kuwaza tu? Akajiambia kwamba dripu ni dripu, maji ni maji, sumu itatoka. Mtoto alikunywa mafunda machache. Mafunda machache yanaweza kufanya nini. Aliogopa kumtazama usoni, akawa anatazama tone la dripu. Mara mbili mama yake alichungulia mlangoni kuuliza choo kiko upande gani, naye akamwelekeza, akidhani anatafuta mahali pa kutawadha.

Kisha miguu ya Filsan ikaanza kukakamaa. Mtoto hakulia. Alisema tu, "Mama, miguu inanivuta," kwa sauti ndogo ya kuomba radhi, kana kwamba anasumbua. Hapo Batulo aliinuka, akamkimbilia daktari hadi kitanda cha mbali, akamshika mkono wa koti mbele ya watu.

"Si maji machafu. Nilidanganya. Amekunywa aseniki."

Alisema yote, maktaba, sanduku, karatasi, kombe. Watu wa vitanda vya jirani waliacha kuzungumza. Daktari Ayuma hakumgombeza, na hilo lilimtisha zaidi kuliko kugombezwa. Aliuliza tu ni saa ngapi mtoto alikunywa, na nani anaweza kumthibitishia kwamba ni sumu hiyo na si nyingine, maana dawa yake si ya kumpa mtu kwa kubahatisha.

Mtu huyo alikuwa mmoja. Batulo akabonyeza namba.

"Batulo, uko wapi? Musyoka anasema—"

"Madam, karatasi niliichukua mimi. Niliipeleka nyumbani. Imeoshwa, na mtoto wangu ameyanywa maji yake."

"Mpe daktari simu," Lydiah akasema.

Waliongea dakika kadhaa, daktari akiandika kwenye kiganja cha glavu yake. Akaondoka mbio na kumrudishia Batulo simu ikiwa bado hewani. Lydiah aliuliza karatasi yenyewe iko wapi. Batulo akasema iko kwenye kamba. Aliuliza kuhusu maandishi. Batulo akasema yametoka yote. Lydiah alivuta pumzi ndefu. Akasema itabidi aandike ripoti, hana budi, na wenye mamlaka wataamua. Akasema pia kwamba anasikitika kuhusu mtoto. Alisema kwa mpangilio huo, na Batulo akamshukuru, kwa kuwa hakujua aseme nini kingine.

*

Dawa ilipatikana. Muuguzi alikuja nayo kwenye sinia kutoka famasia, vichupa vichache vya kioo, akasimama mlangoni akimwambia mwenzake maneno ya kikazi tu, kama wanavyosema watu walio na siku ndefu.

"Kwa uzito wake hii inatosha. Shukuru ni mtoto. Angekuwa mtu mzima tungepiga simu hospitali zote za Nairobi."

Filsan alidungwa. Daktari Ayuma akamwambia Batulo ukweli, kwamba usiku huu ndio utakaosema, lakini wamewahi. Wangechelewa kidogo tena asingemwahidi kitu. Neno hilo lilimchoma. Kisha akataka yale maji yaliyobaki, ayapeleke maabara wajue mtoto alimeza kiasi gani. Batulo alimpigia Ayanle, ambaye alikuwa njiani kutoka Kiamaiko, akamwambia apitie nyumbani, achukue bakuli la kauri juu ya kabati, alitie kwenye mfuko wa plastiki, asilishike kwa mkono mtupu, asimwage hata tone.

Alikaa kando ya kitanda. Miguu ya Filsan ilikuwa imelegea kidogo. Alimsomea Ayatul Kursi sikioni, kisha akakatiza katikati, akiona aibu ya kuomba mara ya pili kitu ambacho mama yake alikuwa ameshakiomba kwa imani kuliko yeye.

Simu ikaita.

"Mama Filsan, nimecheki. Hapa hakuna maji."

"Bakuli la kauri, Ayanle. Lenye kisahani juu."

"Ndiyo hilo nimeshika. Ni kavu. Nimecheki hata kwa ndoo, hata jikoni. Hakuna kitu, mama. Yamekwisha yote."

Batulo akaishusha simu. Alikuwa anatazama mlango wa wodi, na kupitia mlango huo, benchi.

Bi Mastura alikuwa ameketi ameegemea ukuta, ncha ya leso ameibana mdomoni. Mkono mmoja ulikuwa umelala tumboni kwa utulivu mkubwa, utulivu wa mtu anayejizuia. Kando ya miguu yake palikuwa na mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, ukinuka matapishi. Alipomwona binti yake anakuja, aliusukuma kwa kisigino chini ya benchi.

"Mtoto amelala?"

"Mama. Lile kombe."

"Lilikuwa limebaki bakuli karibu zima," Bi Mastura akasema. "Ningelimwaga wapi? Nililifunika nikasema nitakungoja uje. Halafu nikaona kifua changu nacho kinanibana siku hizi. Nikalinywa."

Batulo alipiga magoti kwenye sakafu ya korido. Uso wa mama yake ulikuwa na rangi ya jivu, midomo imekauka. Alipomsogelea, pumzi ile ikamjia. Kitunguu saumu.

"Kwa nini hukusema? Tumekaa hapa muda wote huu, kwa nini hukusema?"

"Ulimwambia yule wa dirishani ni maji machafu. Nikaona nikifungua mdomo wangu nitakufungisha. Nikasema ngoja, labda mimi mtu mzima litanipita." Akameza kwa shida. "Halafu ukawaambia kweli, nikataka kusema. Ndipo nikamsikia yule na sinia lake. Dawa ni ya mtoto tu."

"Mama."

"Usiwaambie, Batulo. Hawa watu wakiambiwa wagonjwa ni wawili watagawa nusu kwa nusu, ndivyo wanavyofundishwa. Ngoja mtoto amalize yake. Mimi nitakaa hapa hapa, siendi popote."

Alijaribu kutabasamu, akashindwa, akainama mbele. Batulo alimshika mabega. Alikuwa mwepesi kuliko alivyomdhania. Nyuma yao mlango wa wodi ulifunguka, viatu vya daktari vikaja kwa haraka, kisha vikasimama.

"Na huyu ana nini?" Daktari Ayuma akauliza. "Amekula nini?"

Vidole vya Bi Mastura vilimbana binti yake kifundo cha mkono, vikambana kwa nguvu zote zilizobaki. Batulo aliwaza sinia la vichupa, na mtoto aliyelala upande wa pili wa ukuta. Safari hii hakungoja kuulizwa mara mbili.

"Kombe," akasema. "Mtoto alionja tu. Yeye alilinywa lote."